Kaseti ya Fainali

Saa nne asubuhi, Jumapili

Chumba cha nyuma cha uwanja wa kupiganisha majogoo hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na matundu ya majogoo ukutani, meza moja, chupa ya ramu na harufu ya kinyesi. Wanaume wanne walikuwa wameizunguka meza. Watatu walipata kuwa mabingwa wa besiboli wa Jamhuri nzima. Wa nne alikuwa dereva wa basi lao.

Cayo Matos alichovya kidole kwenye ramu iliyomwagika, akachora mezani.

"Hili duka la magodoro. Juu yake redio. Nyuma ngazi. Osiris ana ufunguo wa tangu alipokuwa fundi wao."

"Na kama wamebadilisha kufuli?" aliuliza Quirico, dereva.

"Hawajabadilisha hata balbu ya mlangoni tangu enzi za bibi yako. Sikiliza."

Cayo alikuwa mdakaji na nahodha. Mtu aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji miaka na miaka akidaka mipira ya kuua ng'ombe, mpaka kila kidole cha mkono wa kulia kikaangalia upande wake. Kwa vidole hivyo alizoea kutoa amri, na amri ikafuatwa.

"Mchezo unaanza saa nane mchana. Mji mzima utakuwa uwanjani. Asiyekuwa uwanjani atakuwa na sikio redioni. Studio atabaki yule binti, Maireni, na hedifoni zake, anabonyeza matangazo ya sabuni. Chini mlangoni mzee Bienvé na bunduki yake. Basi."

"Binti tumfunge?"

"Ukimgusa binti, redio inanyamaza. Redio ikinyamaza Barahona katikati ya mchezo, mji mzima utapanda ile ngazi na mapanga. Hakuna kumgusa."

"Na kabati?"

"Kabati ndiyo shughuli," alisema Osiris Suero. Mwembamba, macho mekundu, mguu hautulii chini ya meza. "Chuma chake ukikitia mtaimbo kinalia kama kengele ya kanisa, na ukuta wa studio ni ubao. Kwa hiyo tunasubiri. Spika ya kwenye korido huwa wazi mchezo mzima. Vijana wakipiga mpira wa maana, uwanja unalipuka, spika inalipuka, na sisi tunavunja. Pa! Mara moja."

Quirico alicheka mpaka jogoo mmoja akamjibu.

"Mnawasubiri hawa vijana wa mwaka huu wapige mpira wa maana? Tutaota mvi humo ndani!"

Hakuna aliyecheka naye.

Kisa chenyewe Barahona nzima inakijua. Miaka saba nyuma timu yao, Salineros, ilitwaa ubingwa kwa mara ya kwanza. Watu walilia barabarani. Mapadri walikunywa hadharani. Mwezi uliopita mrushaji mmoja wa timu ileile, mwenye kinyongo chake, akaenda gazetini akamwaga mtama. Akasema kwenye ubao wa matokeo ilifichwa kamera. Kamera iliangalia vidole vya mdakaji wa wapinzani, vile anavyomwagizia mrushaji wake mpira gani atupe. Osiris alikaa kwenye ujia nyuma ya benchi na kiruninga kidogo. Akiona umeagizwa mpira wa kupinda, anapiga pipa la plastiki la maji kwa gongo. Kishindo, basi mpigaji ajue unapinda. Kimya, basi unakuja mnyoofu kwa kasi. Mpigaji anayejua kinachokuja ni sawa na mcheza karata anayeziona za mwenzake.

Maneno ya gazeti bila ushahidi ni umbea tu. Lakini don Fellito, mtangazaji, alikuwa na ugonjwa wa kurekodi kila mchezo kwenye kaseti, na kipaza sauti chake kilining'inia juu ya benchi lenyewe. Ijumaa tume ya ligi ilizifungia kaseti zote kwenye kabati la chuma palepale redioni, ikapiga lakiri. Jumatatu zingepelekwa makao makuu, Santo Domingo.

"Wakizisikiliza tumekwisha," alisema Cayo. "Mimi msimu ujao nimeahidiwa ukocha. Osiris anapiga picha za ligi hiyohiyo. Leo tunazichukua, tunazichoma machimboni Las Salinas, kesho tunaamka watu. Kuna mwenye swali?"

Hakumtazama Osiris wala Quirico. Alimtazama mtu wa mwisho wa meza.

"Kompa, mbona kimya?"

Kompa, ndivyo wanavyoitana baba mzazi na baba wa ubatizo. Cayo ndiye aliyemshika Yarisbel, binti wa Radhamés Féliz, juu ya maji ya ubatizo. Undugu wa aina hiyo kule Barahona unapita wa tumbo moja. Ndugu wa damu unaweza kumshtaki kwa shamba. Kompa humgusi.

"Sina swali," alisema Radhamés.

Alikuwa nalo. Msimu ule, alipoambiwa habari ya pipa, Radhamés alikwenda kwa Osiris akamwambia mbele ya wote, "Mimi nikiwa napiga, gongo lako liweke chini. Sitaki." Baba yake alikuwa mchimba chumvi. Alimfundisha kupiga kwa mpini wa ufagio na vizibo vya chupa, na kizibo hakina mtu wa kukuambia kitapinda wapi. Siku ya fainali, zamu ya tisa, wako nyuma kwa alama moja, mwenzake yuko kituo cha pili, Radhamés aliupeleka mpira wa kupinda nje ya ukuta. Wamemchora kwenye ukuta wa soko akiwa ameinua gongo. Sasa wamemchora tena juu yake, pembe na mkia.

Shule ya besiboli ya Wamarekani kule Boca Chica ilikuwa imemkubali afundishe watoto kupiga. Baada ya gazeti wakampigia simu: safisha jina kwanza. Yarisbel alirudi kutoka shule na sare imechanika kwa kupigana, akauliza, "Baba, ni kweli?" Akamwambia, "Sikusikia kishindo chochote." Alikuwa amelirudia neno hilo kwa waandishi, kwa padri, kwa mkewe, hata likawa kama sala.

Kaseti ya fainali ingemtetea. Ingesikika mipira ya kupinda ikija na pipa liko kimya. Ikichomwa, atakufa mwizi kama wenzake. Kumshtaki kompa wake asingeweza. Kubaki nyumbani, kaseti ichomwe, asingeweza pia. Kwa hiyo alikuja akiwa na jambo moja moyoni: aitoe ile moja, aifiche kwenye shati, nyingine waziteketeze wapendavyo. Mfukoni alikuwa na namba ya simu ya mwanasheria Ogando, lisensiado kama wanavyomwita, mpelelezi wa tume. Ogando alimwambia wazi: "Don Radhamés, nikisikia kimya kwenye kaseti, nitakuandikia barua kwa mkono wangu."

Zamu ya tatu

Kufuli lilikuwa lilelile. Waliingia na kofia za sufi usoni, jasho likiwatiririka kwenye shingo. Quirico alibaki chini na lori lake la Daihatsu, injini ikinguruma.

Korido nyembamba. Kushoto ukuta wa mbao, nyuma yake Maireni. Kulia stoo. Ndani ya stoo kabati la kijani, lakiri nyekundu kama donda. Juu ya mlango spika, na kwenye spika sauti ya don Fellito, mzee wa kikohozi na maneno matamu:

"…na vijana wetu, mabibi na mabwana, wanapiga mpira kama wanaogopa kuuumiza…"

Cayo alichomeka mtaimbo kwenye bawaba. Akatega.

Vijana watatu walipiga. Watatu walitoka, zamu ikaisha. Uwanja uliguna tu.

"Zamu ijayo," alinong'ona.

Zamu ya sita

Bado.

Cayo alikuwa amechuchumaa mbele ya kabati, mtaimbo mikononi, magoti yakimlia. Osiris alitafuna kucha. Chini mzee Bienvé alisikika akiwatukana wachezaji kwa majina ya mama zao, mmoja baada ya mwingine.

"Twende zetu," alisema Osiris. "Hawa hawapigi kitu. Tunakufa humu kwa ajili ya mbumbumbu."

"Tulia."

"Cayo, hata mama yangu na presha yake…"

"Nimesema tulia! Yule namba saba ni mzuri. Anachelewesha nyonga, lakini ni mzuri. Atafungua."

Walikuwa wanaiba, na bado Cayo alikuwa kocha. Radhamés aliuona upande wa uso wake, uso uliomfariji mara ngapi sijui, akajisikia mchafu kwa jambo ambalo hajalifanya bado.

Zamu ya nane

Wawili wametoka. Vituo vyote vitatu vimejaa. Salineros nyuma kwa alama mbili. Anayepiga ni namba saba.

Watatu hao waliinua vichwa kuitazama spika. Don Fellito naye alishusha sauti kama yuko msibani.

"Mrushaji anamtazama mdakaji… anakataa… anakataa tena…"

"Mnyoofu," alisema Cayo. "Anataka kutupa mnyoofu, mjinga huyu."

"Kwa nje," alisema Radhamés.

"Kwa ndani. Atambana."

"Kwa nje, kompa, vituo vimejaa!"

"…anarusha… NA UMEKWENDA! Unakwenda kona ya kulia! Anaingia mmoja! Anaingia wa pili! Anakuja wa tatu, ana… ana… AMEINGIAAA!"

Spika ililia mpaka ukuta ukatetemeka. Huu ndio mlipuko walioungoja tangu mchana. Na Cayo Matos, jambazi mkuu, aliuacha mtaimbo uning'inie kwenye bawaba, akaruka juu mikono hewani. Osiris alimrukia mgongoni. Radhamés aliwakumbatia wote wawili, kofia zimepinda usoni, wanapigana mabegani kama watoto. Wachezaji ni wachezaji. Ungewakamata motoni wangeuliza matokeo.

Walipokumbuka, uwanja ulikuwa umeanza kutulia.

"Kabati!" alisema Osiris.

Cayo alishika mtaimbo akauvuta kwa mwili mzima. Bawaba ilipasuka na kulia jengo zima.

Don Fellito alikuwa ananyamaza kidogo avute pumzi. Hakuna kilichofunika sauti ile.

Maireni hakusikia. Mzee Bienvé alisikia.

Kaseti zilikuwa zimepangwa kwa tarehe. Radhamés aliiona mara moja, ina karatasi nyekundu, FAINALI, kwa mwandiko wa don Fellito. Aliunyosha mkono. Mlango ukafunguka.

"Simama! Nafyatua!"

Mzee Bienvé alikuwa amesimama mlangoni na bunduki yake. Cayo aliinua mikono taratibu. Vidole vile vilivyopinda vilikaa hewani, na mzee akavitazama. Barahona nzima inavijua vidole vile.

"Nahodha?"

Bunduki ilishuka yenyewe. Cayo aliichukua bila nguvu, kama mtu anayepokea mzigo wa mzee barabarani.

"Keti, mzee wangu."

"Nahodha, niambie tu si kweli. Nitakaa, nitanyamaza, mnifunge. Niambie si kweli."

Cayo alimfunga kwa mkanda wake mwenyewe. Mzee aligeuka akamtazama Radhamés machoni, kwenye yale matundu mawili ya kofia.

"Na wewe ni Rada. Kwa hilo bega la kushoto lililolala, ni wewe. Walisema wewe ulikataa."

Radhamés angependa kufa palepale.

Cayo alizifagia kaseti zote kwenye gunia kwa mkono mmoja, yenye karatasi nyekundu ikiwa ya kwanza. Akafunga fundo, akalitupa begani. Mkono wa Radhamés ulibaki hewani, mtupu.

Saa kumi na nusu

Lori lilikuwa linakimbia kuelekea Cabral. Quirico alikuwa na redio ya mkononi sikioni, akitaka kujua mchezo umeishaje.

"Mzee ametujua," alisema Osiris kutoka nyuma, kichwa dirishani. "Ametujua kwa majina! Ndani ya saa moja polisi watakuwa nyumbani kwangu."

"Bila kaseti hana kesi. Mzee mmoja, wanaume waliofunika nyuso. Tukichoma, hakuna kitu," alisema Cayo.

Alilibana gunia katikati ya magoti. Bunduki ya mzee ilikuwa sakafuni. Radhamés alikaa kati ya Cayo na mlango, goti kwa goti na jina lake, na hakuwa na njia ya kuligusa.

Walisimama duka la kwanza la Cabral.

"Shuka ununue mafuta ya taa," alisema Cayo. "Wewe uso wako hautishi."

Ndani mama muuzaji alikuwa ameegemea redio, mgongo kwa wateja. Simu ilikuwa kaunta. Radhamés aliitazama. Alimtazama Cayo nje kupitia wavu wa mlango, amefumba macho, amechoka, mzee kuliko asubuhi. Huyu mtu alimpa nyumba miezi kumi alipovunjika goti. Huyu mtu alimshika mwanawe juu ya maji. Maji yakishamfika mtu shingoni hachagui anachokishika. Akanyanyua simu. Liwalo na liwe.

"Lisensiado? Ni Féliz. Kaseti ziko Las Salinas, machimbo ya zamani. Wanazichoma. Njoo sasa hivi."

Akakata. Akalipa mafuta. Mama hakugeuka.

Saa kumi na moja jioni

Machimbo ya zamani hayana mtu. Chumvi, vumbi, pipa la chuma lililokatwa juu. Osiris alijaza kuni na matairi, akamwaga mafuta, moto ukashika.

Cayo alifungua gunia. Akatupa kiganja cha kwanza. Plastiki ilijikunja, moshi mweusi ukapanda. Msimu mzima ulikuwa unanuka.

Alipoishika ile yenye karatasi nyekundu alisikia bunduki ya mzee, iliyokuwa sakafuni mwa lori, ikikokiwa.

"Hiyo hapana," alisema Radhamés.

Quirico aliinua mikono bila kuambiwa. Osiris alirudi nyuma. Cayo aliitazama midomo miwili ya bunduki, kisha mtu aliyeishika.

"Unamwelekezea bunduki kompa wako."

"Nataka kuisikia kabla haijaungua. Iweke kwenye redio ya lori."

"Ya nini?"

"Kwa sababu ni yangu! Ninyi wote mna vya kuficha. Mimi nina cha kuonyesha. Miaka saba najua sikusikia, na mwezi mzima hakuna anayeniamini, hata binti yangu ananiangalia pembeni. Nataka nikisikie hicho kimya, hata mara moja."

Alikuwa anavuta muda. Kila neno ni nusu kilomita ya gari la Ogando. Lakini alikuwa pia anasema kweli, ndiyo maana machozi yalikuwa yanamtoka.

"Rada," alisema Cayo, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Usiisikilize. Nakuomba kwa jina la mtoto. Niache niitupe, unitukane mpaka nife. Usiisikilize."

"Osiris. Iweke."

Osiris aliichukua kaseti mkononi mwa Cayo. Aliikosa nafasi yake mara mbili, kisha akaisogeza mbele hadi zamu ya tisa. Mlango wa lori ukiwa wazi, sauti ya don Fellito, ya ujana kidogo, ilienea machimboni.

"…zamu ya tisa, wawili wametoka, na anayekuja kupiga ni mtoto wa Las Salinas, Radhamés Féliz. Mrushaji anajiandaa. Anarusha… wa kupinda! Amepiga hewa!"

Kabla ya hapo hakukuwa na kitu. Kelele za watu tu.

"Mmesikia?" alisema Radhamés. "Ulipinda, na pipa liko kimya! Mmesikia?"

"…tena wa kupinda! Amepiga hewa tena! Mungu wangu, umebaki mmoja…"

Kimya. Radhamés alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, bunduki ikishuka kifuani.

"Kimya! Quirico, umesikia? Wewe hukuwepo, wewe ndiye shahidi!"

"Zima hapo," alisema Cayo. "Umepata ulichotaka. Zima."

"Niache nisikie nikiupeleka."

"Rada, zima!"

"…anamtazama mdakaji… anakubali… anajipinda…"

Du.

Kimoja tu, kizito, cha plastiki iliyojaa maji. Halafu mlio wa gongo, mkavu, mzuri. Halafu uwanja wote na don Fellito akilia kama mtoto.

Moto ulikuwa unavuma ndani ya pipa.

"Rudisha," alisema Radhamés.

Osiris alirudisha. Anajipinda. Du. Gongo.

"Si mimi," alisema Osiris. "Naapa kwa mama yangu. Mimi niliheshimu neno lako hadi mwisho. Alininyang'anya gongo."

Radhamés hakuhitaji kuuliza nani.

"Ulikuwa unakufa pale," alisema Cayo. "Miwili mfululizo, hewa. Nakujua. Ukikosa miwili unaanza kukisia, ukikisia umekwisha. Niliona umeagizwa wa tatu, wa kupinda tena. Ningefanyaje? Nikuache ushindwe mbele ya baba yako, amekaa pale na suti ya kuazima? Nilipiga. Ningepiga tena leo."

"Sikukutuma."

"Hukunituma. Lakini mimi nilikuwa nimesimama ujiani nakuangalia mgongo, kompa. Nimeangalia migongo ya wapigaji maisha yangu yote. Nilipopiga, bega lako la kushoto lilirudi nyuma likasubiri. Mtu anayekisia hasubiri." Akasogea hatua moja, midomo ya bunduki ikamgusa tumbo. "Ulisikia?"

Bega la kushoto. Radhamés alilihisi likirudi nyuma, peke yake, kama siku ile. Miaka saba alikuwa amelizika tukio hilo la kufumba na kufumbua chini ya kelele za mji mzima, akapanda juu yake neno moja na kulimwagilia.

"Nilisikia," alisema.

Hakuwahi kuliambia hata shuka alilolalia. Bunduki ilimtoka mkononi ikaanguka kwenye chumvi.

Cayo alimshika shingo, akamvuta, paji kwa paji. "Sasa basi. Itoe uitupe. Tunaizika hapa sote wanne, tunarudi kula. Yarisbel hatajua kamwe."

Na Radhamés alitaka. Kuliko alivyotaka kuiokoa asubuhi, sasa alitaka kuiona inaungua. Aligeuka kwenda kwenye lori.

"Vumbi," alisema Quirico.

Barabara ya Cabral ilikuwa inafuka. Magari mawili, labda matatu, yanakuja mbio.

"Nani amewaita?" alipiga kelele Osiris. "Mzee hakujua tunakuja huku! Nani kajua huku?"

Cayo aliitazama barabara. Halafu akalitazama dumu la mafuta ya taa, lile la duka la Cabral. Halafu akamtazama kompa wake. Hakuuliza. Radhamés hakukana.

"Kompa, kimbia," alisema Radhamés. "Nakuomba. Kimbia."

Cayo aliketi juu ya jiwe la chumvi, kama mchezaji aliyetolewa.

Quirico hakungoja wa kumwambia. Alirukia usukani, lori likang'oka na mlango wazi, kaseti bado imo inaimba ubingwa. Osiris alilikimbilia, akashika ubao wa nyuma, akaning'inia. Pikapu ya polisi ilikata njia. Risasi tatu. Osiris alianguka amekumbatia paja, damu ikiingia kwenye chumvi, naye akilia kwa uchungu wa jeraha na wa kusalitiwa. Lori liliyumba, likaingia kwenye shimo la machimbo kwa pua na kunyamaza.

Lisensiado Ogando alishuka na viatu vyake vya jiji. Askari mmoja alimletea kaseti kutoka kwenye lori. Mwingine alikuwa anampiga Cayo pingu.

"Ndiyo hii?" Ogando alimuuliza Radhamés. "Ya kimya?"

Radhamés alifungua mdomo.

"Nitakuambia mimi," alisema Cayo kutoka pale chini. "Mkiisikiliza mtakuta kishindo kimoja, mpira wa tatu. Ni changu. Huyu alikuwa amekataza, kila mtu shahidi. Nilipiga kwa uamuzi wangu, na uwanja ulikuwa unanguruma. Asingesikia hata mzinga. Andika hivyo. Mdakaji Leocadio Matos, Cayo mwenyewe, amekiri."

Ogando aligeuka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anatamani jibu zuri.

"Ni kweli, don Radhamés? Hukusikia?"

Osiris alikuwa chini, askari wakimfunga paja kwa shati, anasikia kila neno. Cayo hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama moto.

Radhamés alitikisa kichwa: hapana, sikusikia.

"Basi barua yako utaipata wiki hii," alisema Ogando, akampa mkono. "Watoto wa Boca Chica wana bahati."

Pikapu ilikuwa moja ya kurudi mjini. Walimpakia Radhamés nyuma pamoja na wengine, yeye tu bila pingu. Alikaa mkabala na Cayo, magoti yakigongana kila shimo. Walipita Cabral. Mama wa duka alikuwa mlangoni, redio begani, akipungia magari kwa furaha. Salineros walikuwa wameshinda.

"Kompa…" alianza Radhamés.

"Sikusema yale kwa ajili yako," alisema Cayo. Sauti yake haikuwa na hasira. Ingekuwa na hasira ingekuwa afadhali. "Yule mtoto nilimshika mimi juu ya maji, ni wangu mpaka nife. Jumamosi akija gerezani kunitembelea, mlete mpaka getini. Wewe usiingie."

Radhamés alisema sawa. Gari likaendelea kuelekea Barahona.